Kwinini, Walwa na Kombe: Vinywaji vya Kinga katika Tabora na Njia ya Misafara

Nchi ya Unyanyembe, ambayo leo imegawanyika katika kata za Manispaa ya Tabora kama Ntalikwa, Itetemia na Kitete na katika vijiji vya Wilaya ya Uyui, ilikuwa kwa muda wa nusu karne kituo kikuu cha njia ya misafara iliyoanzia pwani ya Bagamoyo na kugawanyika hapo, tawi moja likielekea Ujiji na jingine likielekea Karagwe na Buganda. Pembe, nguo, shanga na watumwa vilipita hapo, na pamoja navyo zilipita homa, ndui, kuhara damu na kipindupindu, hata ikawa kila jamii iliyofika ilikuwa na kinywaji chake cha kujikinga. Wanyamwezi walikuwa na pombe ya mtama na dawa za mizizi. Waislamu wa pwani walikuwa na kombe. Wazungu walikuja na brandi, mvinyo na kwinini, ambayo baadaye iliingia katika maji ya toniki. Hoja ya makala hii ni kwamba katika vinywaji hivi, sifa ya kukinga ilipewa kile kilichosikika ulimini, yaani ukali wa kileo au uchungu wa dawa, ilhali kazi yenyewe, pale ilipokuwepo, ilifanywa na kitu ambacho mnywaji hakukiona: maji yaliyochemshwa, au dawa iliyopimwa kwa kiasi kinachotosha. Kipimo kilipopotea ndani ya kikombe, watu waliugua na kufa huku wakiamini kwamba wamekingwa.

Kabla ya 1857: mtungi, mzizi na sahani

Pombe ya Wanyamwezi, ambayo kwa Kinyamwezi huitwa walwa, ilikuwa kazi ya wanawake na ilichukua siku nyingi kukamilika. Mtama uliloweshwa, ukafunikwa hadi ukaota, ukaanikwa na kutwangwa kuwa kimea. Unga mwingine ulipikwa kwa maji mengi katika mitungi mikubwa hadi ukawa uji, ukaachwa upoe, kisha kimea kikatiwa na mchanganyiko ukaachwa uchachuke kabla ya kuchujwa na kunywewa kwa vibuyu. Kando yake kulikuwa na wanzuki, pombe ya asali, ambayo misitu ya miombo ya Unyamwezi iliilisha kwa wingi. Vinywaji hivi vilikuwa chakula, malipo ya kazi za ushirika shambani na sadaka. Ugonjwa uliokataa dawa ulipelekwa kwa mfumu, yaani mganga mwenye kupiga ramli, naye akibaini kwamba mizimu ya ukoo imesahauliwa, walwa ilipikwa na sehemu yake ikamwagwa kwenye vijumba vya mizimu ili kurejesha ulinzi wa wahenga juu ya nyumba nzima. Kwa maana hiyo pombe ilikuwa kinga kabla ya kufika kinywani mwa mtu yeyote, kwa sababu ilirekebisha uhusiano ambao kuharibika kwake kulidhaniwa ndiko chanzo cha maradhi.

Palikuwa na faida nyingine ambayo haikuhitaji imani. Unyanyembe ni nchi yenye kiangazi kirefu, na maji ya visima vifupi na madimbwi, hasa pale misafara ya mamia ya watu ilipopiga kambi, yalichafuka kwa haraka. Walwa ilipikwa kwa maji yaliyochemka, na uchachu wake uliwapa vijidudu vya tumbo mazingira magumu ya kuishi, kwa hiyo mnywaji wake alikuwa na hatari ndogo kuliko aliyechota dimbwini. Kinga hiyo haikuwa kamili, maana maji mabichi yaliweza kuongezwa baada ya kuchuja na kibuyu kimoja kilipita midomoni mwa watu wengi, lakini ilikuwa kinga ya kweli, na chanzo chake kilikuwa moto uliokuwa chini ya mtungi.

Pombe ilitumika pia kama chombo cha kubebea dawa. Magome na mizizi ya mlungulungu, mti wenye miiba ambao Waswahili wengi huuita mjafari, yalitwangwa au kuchemshwa kwa ajili ya homa, na dawa chungu za namna hiyo zilinywewa katika uji au katika pombe. Mazoea haya yana mantiki ya kikemia, kwa kuwa viambato vingi vichungu vya miti huyeyuka vizuri zaidi katika kileo kuliko katika maji matupu. Ndiyo sababu hiyohiyo iliyowafanya wauza dawa wa Ulaya kuhifadhi dawa zao katika spiriti.

Waarabu na Waswahili waliojenga matembe yao Unyanyembe katikati ya karne ya 19 walileta kinywaji cha aina nyingine kabisa. Kombe ni aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, kisha zikaoshwa kwa maji au kwa marashi ya waridi, na maji hayo akapewa mgonjwa au msafiri ayanywe. Kwa jamii ambayo dini yake ilikataza kileo, ingawa si kila mtu aliyelishika katazo hilo, kombe ilikuwa kinga isiyo na ukali wala uchungu, na nguvu yake yote ilikuwa katika neno lililoyeyushwa ndani yake. Hivyo basi, wakati Mzungu wa kwanza alipofika Kazeh, kama Tabora ilivyojulikana wakati huo, wenyeji wake walikuwa wamekwisha kuzoea wazo kwamba maradhi ya njiani hukingwa kwa kitu cha kunywewa.

1857 hadi 1873: brandi, sheri na masanduku ya dawa

Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakaingia Kazeh tarehe 7 Novemba, baada ya safari ya siku 134, na kupokewa kwa ukarimu na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir. Wote wawili walikuwa wamekwisha kushikwa na homa mara nyingi, na miezi michache baadaye Burton alipooza miguu naye Speke akapofuka kwa muda. Katika orodha ya vyakula vya safari ambayo Burton aliichapisha mwaka 1860 imo brandi, dazeni moja ya chupa na dazeni nne nyingine za kufuata, na ni vema kuelewa kwamba kwa tabibu wa Ulaya wa wakati huo brandi ilikuwa dawa halali: iliaminiwa kuwa huupa moyo nguvu, humrejesha aliyezimia, na huzuia kipindupindu.

Imani hiyo ilitokana na nadharia kwamba homa huletwa na hewa mbaya inayopanda kutoka vinamasini na kwenye majani yaliyooza. Kama adui ni hewa inayouvamia mwili uliochoka, basi kila kitu kinachouchangamsha mwili huwa kinga. Burton mwenyewe alikuwa ameandika, katika kitabu chake cha 1856 kuhusu safari ya Harar, kwamba Wasomali walidai homa za kuua huletwa na kuumwa na mbu, akaliita dai hilo ushirikina na kulieleza kwa hoja kwamba mbu na homa huzidi katika msimu mmoja. Wasomali walikuwa sahihi, na laiti dai lao lingesikilizwa, sayansi ya Ulaya isingesubiri zaidi ya miaka 40 kufika mahali hapohapo.

Dawa aliyoitegemea Burton njiani ilikuwa matone ya Warburg, dawa ya homa iliyobuniwa na Carl Warburg katika miaka ya 1830. Kanuni yake ilifichwa kwa miongo kadhaa, na ilipotangazwa mwaka 1875 ilionekana kuwa ni mchanganyiko wa mimea mingi ndani ya spiriti, ambamo kiambato chenye kazi kilikuwa kwinini. Kwinini ni dawa inayotolewa katika gome la sinkona, mti wa milima ya Andes huko Amerika ya Kusini; wanakemia wawili Wafaransa, Pelletier na Caventou, waliitenga na gome hilo mwaka 1820, na tangu hapo ikawezekana kuipima kwa uzito badala ya kukisia kwa konzi za magome. Hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika historia hii. Mwaka 1854 tabibu Baikie alipanda mto Niger na wafanyakazi waliopewa kwinini kila siku, akarudi bila kumpoteza hata mmoja kwa homa, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika safari za mto ule.

Tatizo lilikuwa ladha. Kwinini ni chungu kiasi cha kutapisha, kwa hiyo wanamaji wa Uingereza waliokuwa pwani ya Afrika ya Magharibi walipewa ikiwa imechanganywa na mvinyo, na David Livingstone alifuata mtindo huo alipoanza safari yake ya Zambezi mwaka 1858, akiwapa wenzake kiasi kidogo cha kwinini ndani ya sheri, aina ya mvinyo mkali wa Kihispania. Kiasi kilikuwa kidogo mno na wenzake wakaugua hata hivyo, naye akafikia uamuzi kwamba kwinini haikingi bali inatibu tu. Kutokana na uzoefu huo aliegemea vidonge vyake mwenyewe, vilivyochanganya kwinini na dawa kali za kuharisha, ambavyo baadaye viliuzwa madukani Uingereza kwa jina lake. Livingstone, ambaye yeye mwenyewe hakuwa mnywaji, aliihukumu kwinini kwa kipimo ambacho kisingeweza kufanya kazi, na hukumu ya mtu wa heshima yake ilikuwa na uzito.

Katika safari yake ya baadaye, Januari 1867, wapagazi waliotoroka waliondoka na sanduku lake la dawa, naye akaandika kwamba alijiona kama aliyehukumiwa kifo. Miaka iliyofuata aliipitia bila kwinini ya kutosha. Henry Morton Stanley, aliyetumwa kumtafuta, alifika Unyanyembe Juni 1871, na mwezi uliofuata akalala Kwihara, kilomita chache nje ya Tabora ya leo, kwa homa iliyompotezea fahamu kwa siku kadhaa. Wenzake wawili Wazungu, Farquhar na Shaw, walikufa, mmoja Mpwapwa na mwingine hapohapo Kwihara. Alipokutana na Livingstone huko Ujiji, Stanley alifungua chupa ya shampeni aliyoibeba kutoka pwani, wakanywa kwa furaha. Wawili hao waliingia Kwihara pamoja Februari 1872, Stanley akaenda zake Machi akiwa ameacha bidhaa na dawa, naye Livingstone akabaki katika tembe ambalo leo ni makumbusho hadi tarehe 25 Agosti alipoanza safari yake ya mwisho.

Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo tarehe 1 Mei 1873. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walioamua kuurudisha mwili wake pwani waliuondoa moyo na matumbo wakayazika, wakautia mwili chumvi, wakaupaka uso brandi, na kuuanika juani kwa siku 14. Kazi hiyo ilifanywa kwa ustadi na ujasiri ambao haujaenziwa vya kutosha, na inafundisha jambo linalohusu mada hii moja kwa moja: kileo kikali huua vijidudu vya uozo kinapogusa ngozi kwa nje, lakini kikinywewa huchanganyika na damu na maji ya mwili hadi kuwa chepesi mno, na huko hakiui kimelea chochote cha maradhi. Imani nyingi kuhusu pombe na magonjwa, za wakati ule na za sasa, hutokana na kuchanganya mambo haya mawili.

Msafara wa mwili ulipofika Unyanyembe Oktoba 1873 ulimkuta mpelelezi Mwingereza Verney Lovett Cameron na wenzake wakiwa hoi kwa homa, ingawa walikuwa na kwinini na tabibu wao wenyewe. Tabibu huyo, William Dillon, aliandamana na mwili kurudi pwani, na Novemba, akiwa amechanganyikiwa kwa homa, alijipiga risasi. Wapagazi waliobeba masanduku hayo ya dawa, kila mmoja akiwa na mzigo wa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, hawakuhesabiwa miongoni mwa waliostahili kilichomo. Wengi wao walikuwa wamekulia katika nchi zenye malaria na miili yao ilikuwa imejenga ustahimilivu fulani, lakini ndui na kuhara damu viliwaua kwa wingi, na dhidi ya hayo brandi na kwinini havikuwa na la kufanya.

Toniki inazaliwa mbali

Wakati Burton akiwa bado safarini, mwaka 1858, Erasmus Bond wa London alipewa hataza ya kinywaji chenye hewa kilichotiwa kwinini, na mwaka 1870 kampuni ya Schweppes ikaanza kuuza maji ya toniki yaliyolengwa kwa Waingereza waliokuwa India au waliorudi kutoka huko. Toniki kwa lugha ya matabibu wa wakati ule ilimaanisha kitu cha kuurudishia mwili nguvu, na kinywaji hicho kiliuzwa kama kiburudisho chenye manufaa kwa tumbo na hamu ya kula. Ufaransa nayo ilikuwa na mvinyo wake wa kwinini, kama Dubonnet uliobuniwa mwaka 1846. Hadithi kwamba askari wa Kiingereza walibuni jin na toniki ili wajitibu malaria imezoeleka mno, lakini walichonywa askari kama kinga kilikuwa kwinini iliyopimwa, ikichanganywa na kileo ili imezeke. Toniki ya chupa ilikuja kama bidhaa ya kuburudisha, na sifa ya kwinini ya askari ikahamia kwake.

1890 hadi 1914: vidonge vya Koch na homa ya papasi

Emin Pasha aliinua bendera ya Ujerumani Tabora mwaka 1890, na Januari 1893, baada ya Mtemi Isike wa Unyanyembe kujilipua ndani ya ngome yake badala ya kukamatwa, utawala wa Kijerumani ukashika nchi. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umekwisha kuzuia uingizaji wa pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na matokeo yake yalikuwa mgawanyo wa vinywaji kwa rangi: spiriti za Ulaya zikawa za Wazungu, na Waafrika wakaachiwa walwa na wanzuki.

Mwaka 1897 Ronald Ross alithibitisha huko India kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu, na mwaka huohuo tabibu Mjerumani Robert Koch alifika Dar es Salaam. Wenyeji wa milima ya Usambara walimweleza kwamba homa hushika watu wanaoshuka mabondeni kwa sababu ya mbu wa huko, naye, tofauti na Burton, aliandika maneno yao kwa heshima. Mpango alioupendekeza, na ambao madaktari wa serikali waliutekeleza Dar es Salaam baada yake, ulikuwa kupima damu kwa hadubini na kuwapa kwinini kamili waliokutwa na vimelea. Kwa mara ya kwanza dawa iliamuliwa na kipimo cha maabara. Hata hivyo walowezi na maofisa wengi waliendelea kunywa kwinini ovyo, leo nyingi na kesho hakuna, na tabia hiyo ilihusishwa na homa ya mkojo mweusi, ugonjwa hatari ambamo chembe nyekundu za damu huvunjika kwa ghafla na mkojo hugeuka kuwa kama kahawa.

Jambo jingine lililovuruga imani katika kwinini lilikuwa papasi, kupe laini wanaojificha katika nyufa za sakafu na kuta za matembe na kambi za misafara. Wenyeji walijua kwamba kulala katika nyumba yenye papasi huleta homa inayopoa na kurudi. Mwaka 1905 Koch alithibitisha kwamba kupe wa njia za misafara wamebeba vijidudu vya homa hiyo. Kwinini haiitibu, wala kileo, na msafiri aliyeumwa na papasi akidhani ana malaria angeweza kumaliza chupa nzima ya dawa bila nafuu, kisha akaenda kutangaza kwamba kwinini haifai kitu. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, watu waliacha kulala katika kambi zile kongwe, na kwa ugonjwa huo hakuna kinywaji chochote kilichowahi kusaidia kama badiliko hilo.

1914 hadi 1916: pombe ya Lettow

Vita Kuu vilipoanza, manowari za Uingereza ziliifunga pwani, na koloni la Kijerumani likakosa dawa kutoka nje. Taasisi ya Amani iliyoanzishwa mwaka 1902 katika milima ya Usambara Mashariki ilikuwa na miti ya sinkona iliyopandwa kwa majaribio, na magome yake yakageuka kuwa hazina ya jeshi. Taasisi hiyo, ambayo wakati huo ilizalisha pia sabuni, viungo na maelfu ya chupa za wiski na vileo vingine, ilishiriki kutengeneza kwinini, na vidonge vilitengenezwa pia Mpwapwa, juu ya njia ileile ya zamani ya misafara.

Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliteka Usambara na kusonga kuelekea Reli ya Kati, huku jeshi la Kongo ya Kibelgiji chini ya Jenerali Tombeur likitokea magharibi na kuiteka Tabora tarehe 19 Septemba. Mji huo ulikuwa makao makuu ya muda ya utawala wa Kijerumani, na karakana zake za reli zilikuwa zimechonga hata sarafu za dhahabu kwa kukosa fedha. Kuanguka kwa reli kulimaanisha kwamba vidonge haviwezi kutengenezwa tena. Jeshi lililorudi kusini lilibeba magome yaliyobaki, na madaktari wakayachemsha kwa maji na kuwanywesha wagonjwa supu yake. Kinywaji hicho kichungu, ambacho kamanda Paul von Lettow-Vorbeck mwenyewe alikiri katika kumbukumbu zake kwamba askari walikinywa bila furaha, kiliitwa Lettow-Schnaps, yaani pombe kali ya Lettow, ingawa hakikuwa na hata tone la kileo.

Tukio hili ndilo kiini cha historia nzima. Gome lililochemshwa kambini lilikuwa karibu kabisa na kile ambacho waganga wa Unyamwezi walifanya kwa mlungulungu, na lilifanikiwa kwa sababu gome lilikuwa sahihi na kiasi kilikuwa kikubwa. Upande wa pili, wanajeshi kutoka Afrika Kusini waliokuwa na ugavi kutoka nje walianguka kwa malaria kwa maelfu na kurudishwa kwao, na wapagazi wa pande zote mbili, wakiwemo Wanyamwezi wengi walioshurutishwa, walikufa kwa maradhi na njaa kwa idadi ambayo hakuna aliyejali kuihesabu vizuri.

Enzi ya Waingereza

Chini ya Waingereza jin na toniki ilikuwa kinywaji cha jioni cha maofisa katika hoteli na klabu za mji wa reli, na ndipo dhana ya toniki kuwa kinga ilipopata mizizi. Hesabu yenyewe inaikataa. Kwa kiwango cha juu kinachoruhusiwa leo Marekani, lita moja ya toniki haipaswi kuzidi miligramu 83 za kwinini, kwa hiyo glasi ya mililita 150 ina takriban miligramu 12. Mtu mzima aliyetibiwa malaria kwa kwinini alipewa miligramu 600 kila baada ya saa nane kwa siku saba, yaani 1,800 kwa siku, kiasi ambacho kingemtaka anywe zaidi ya lita 21 za toniki kila siku. Zaidi ya hayo, mbu wa malaria huuma hasa usiku, na aliyekaa barazani kuanzia machweo akinywa kinga yake alikuwa akijiweka wazi kwa mbu bila chandarua.

Waafrika wa Tabora walikatazwa pombe kali za viwandani karibu kwa kipindi chote cha ukoloni, na walwa ikahamishiwa katika vilabu vilivyoziingizia serikali za mitaa mapato. Uhamisho huo uliondoa mengi ya yale yaliyoifanya pombe kuwa kinga: haikupikwa tena kwa ajili ya mizimu ya ukoo, na mpishi hakuwa tena mama wa nyumba anayejulikana. Gongo, pombe iliyokenekwa kwa siri, ilichukua nafasi ya ukali uliokatazwa, ikiwa na hatari ya sumu ambayo mtungi wa mtama haukuwa nayo.

Vita Kuu vya Pili vilipotokea, Japani iliiteka Java mwaka 1942 na pamoja nayo sehemu kubwa kabisa ya mashamba ya sinkona duniani. Dawa za maabara zikapewa msukumo, huku mashamba ya Kivu, Kongo ya Mashariki, yakiongezeka umuhimu. Mji wa Bukavu ukaja kuwa na kiwanda cha kwinini.

Baada ya uhuru

Klorokwini, mojawapo ya dawa hizo za maabara, ilitawala matibabu hadi vimelea vilipoizoea, na mwaka 2001 Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza. Kuanzia mwishoni mwa 2006 nafasi hiyo imeshikwa na dawa mseto ya ALu. Kwinini ilibaki kwa malaria kali hadi sindano ya artesuneti ilipoipokonya nafasi hiyo katika muongo uliofuata. Katika kaya nyingi za Tabora maji ya mwarobaini, mti ulioletwa kutoka Asia, yalichukua nafasi ya dawa chungu ya nyumbani, na uchungu wake unaaminiwa kama ulivyoaminiwa ule wa mlungulungu na wa kwinini.

Janga la UVIKO-19 liliamsha mawazo yote ya zamani kwa pamoja. Aprili 2020 gavana wa Nairobi wa wakati huo, Mike Sonko, alisema kwamba vifurushi vya msaada kwa wakazi vingekuwa na chupa za Hennessy kwa sababu kileo huua virusi, na kampuni inayotengeneza kinywaji hicho ikalazimika kutangaza kwamba hakikingi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwezi huohuo kwamba pombe haikingi bali hudhoofisha kinga ya mwili, na nchini Irani mamia ya watu walikufa kwa kunywa spiriti ya methanoli wakitafuta kinga. Kosa lilikuwa lilelile la kuchanganya ngozi na damu: kitakasa mikono chenye kileo kilifanya kazi, na watu wakakisia kwamba kilichofaa mkononi kitafaa kooni. Tanzania ilifuata njia ya mitishamba, Waziri Palamagamba Kabudi akisafiri Mei 2020 kuchukua kinywaji cha Madagaska chenye pakanga, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ikitoa kinywaji chake, NIMRCAF. Pakanga ni mmea uliowapa wanasayansi wa China artemisinini, mama wa ALu, lakini chai yake haina kipimo kinachojulikana, kama vile supu ya Lettow haikuwa nacho, na Shirika la Afya Duniani haliipendekezi kwa kinga wala tiba ya malaria.

Utafiti wa kitaifa wa afya na malaria wa mwaka 2022 uliukuta Mkoa wa Tabora ukiwa na kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini: watoto 23 katika kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59 walikutwa na vimelea, ilhali wastani wa taifa ulikuwa 8. Mzazi wa Ntalikwa au wa kata nyingine yoyote ambaye mtoto wake ana homa ampeleke zahanati ndani ya saa 24 akapimwe damu, na kama ni malaria ammalizie dozi ya siku tatu ya ALu hata kama homa imepoa siku ya kwanza.